Kombe Tuliloliacha Masasi

Ninapokaa sasa, hapa Mkomaindo, Masasi, dirisha la chumba changu linatazama uwanja wa shule. Kukipambazuka naamshwa na filimbi. Watoto wanakimbia kuuzunguka uwanja, na mwalimu wao, kijana aliyevaa suruali ya michezo, anawapimia muda kwa simu huku akiwapigia kelele waongeze mwendo. Wiki iliyopita nilimwona binti mmoja amejitenga nyuma ya choo, ameinama, anatapika. Aliponiona dirishani alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akacheka kwa aibu, akarudi kukimbia. Nilikaa kitandani mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimerudi Newala, rafiki yangu, kwenye ukungu wa kipupwe, na magoti haya yanayoniuma yalikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

Kijiji chetu kilikuwa kipya. Ulikuwa wakati wa kuhamia vijiji vya ujamaa, nasi tulitolewa kwenye mikorosho yetu tukapangwa kando ya barabara, nyumba mkabala na nyumba, karibu na ukingo ambako ardhi inakatika ghafla na kuteremka hadi bonde la Ruvuma. Asubuhi za baridi bonde lote lilijaa ukungu mweupe kama maziwa. Ng'ambo ya ukungu huo ndiko Msumbiji, ndiko vita. Siku nyingine upepo ukitoka kusini tulisikia mlio mzito, mara moja, kisha kimya. Bibi yangu, aliyekuwa akinilea kwa kuwa wazazi wangu walikuwa mkongeni, alisimamisha mchi hewani, akasikiliza, halafu akaendelea kutwanga.

Maji ndiyo yaliyotutesa. Mabomba ya serikali yalikuwepo, lakini yalikuwa kama mgeni wa heshima, huna uhakika naye hata siku moja. Yakikauka, wanawake na watoto wa kike tuliteremka kwenye chemchemi chini ya mteremko, tukapanda na ndoo vichwani, njia imesimama kama ngazi. Tulikwenda giza likiwa halijatoka vizuri, tukarudi jua limekwisha kupanda, shingo zimekuwa ngumu, migongo imelowa. Nadhani mbio zetu zilianzia pale. Mtoto wa Newala alikuwa na mapafu kabla hajajua kuwa mapafu ni kitu cha kusifiwa.

Mwaka ule nyumbani kwetu tukawa watatu. Watu waliovuka mto wakikimbia mabomu walitujia na msichana wa rika langu, mwembamba, kichwa kimenyolewa, amevaa gauni lililoshonwa kwa gunia. Mama yake alikuwa wa ukoo wa bibi, na alikwisha kufariki. Baba yake alibaki kupigana. Bibi hakuuliza mengi. Alimwangalia miguu, akamwangalia macho, akasema, "Huyu ni wetu," akaenda kuongeza unga kwenye chungu. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mto haukuwahi kuukata ukoo.

Tulilala kitanda kimoja cha kamba. Alizungumza Kimakonde kama chetu, ila alihesabu kwa Kireno, kwa sababu huko kwao alianza kusoma kwa wamisionari. Kuhusu baba yake aliniambia jambo moja tu, tukiwa tunamenya mihogo. Walipoagana mtoni, baba alimshika masikio yote mawili, akamwambia, "Watakuuliza. Wewe waambie baba yupo." Basi. Aliendelea kumenya. Nilizoea kumwita dada, naye akaniita dada, wala hatukujua nani mkubwa.

Mwalimu wa michezo alikuwa kijana kutoka Singida. Alikuja na sanduku la bati, filimbi, na saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Baridi ya kwetu ilimshinda. Asubuhi alijifunga shuka mabegani, akasimama uwanjani kama mzee wa mirathi, lakini filimbi ikilia utadhani ana moto tumboni. Alituchagua wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti. Wawili walikuwa wa upande wa chini wa kijiji. Wa tatu mimi. Wa mwisho, wa kumalizia, alikuwa yeye, dada yangu wa ng'ambo, kwa sababu siku ya majaribio alikimbia peku kwenye mchanga mzito, akatuacha kiasi kwamba mwalimu aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

Tangu siku hiyo hatukuwa tena watoto kama wengine. Tulikimbia kabla ya shule na baada ya shule. Alitushusha bondeni na kutupandisha mbio, yeye amekaa juu na saa yake. "Asiyetapika hajakimbia," ndio ulikuwa msemo wake. Mwingine ulikuwa, "Mapafu ndiyo yanayokimbia, miguu ni wapambe tu." Tulitapika, tukajifuta, tukarudi. Kijiti chetu kilikuwa kipande cha mpingo alichokichonga fundi wa vinyago, kizito, laini, na mpaka leo kiganja changu kinakumbuka uzito wake.

Bibi alisikitishwa na kitu kimoja. Siku moja alimngojea mwalimu penye kichwa cha njia, mikono kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hebu niambie, mwalimu. Watoto wangu wanashuka mpaka kwenye maji, wanayaona, halafu wanarudi mikono mitupu. Shule ndiyo inafundisha hivyo?"

Mwalimu alieleza kwamba ndoo huharibu shingo ya mkimbiaji. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema na kiu nayo huharibu shingo. Kuanzia hapo, Jumamosi tulipanda na madumu, mwalimu naye akabeba lake, akafika juu wa mwisho, na bibi akamsifu mbele za watu.

Utaniuliza, mbio za watoto, presha yote hiyo ya nini? Ilitoka mbali. Waliogoma kuhamia kijijini walitucheka. Walisema tumepangwa kama matofali, hatuna maji wala kivuli, na kwamba hakuna jema litakalotoka pale. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu mwenye sauti ya mkutanoni hata akiwa anaomba chumvi, aliudhika sana. Mashindano ya shule yalipotangazwa kufanyika Masasi, aliitisha mkutano. "Ndugu wananchi," alisema, "kombe la wasichana litakuja hapa. Wanaotucheka watanyamaza." Akaagiza kila nyumba itoe mayai kwa ajili yetu wanne.

Mayai, rafiki yangu! Siku zile yai lilikuwa la mgeni, la mgonjwa, au la kuuza dukani upate sabuni. Sisi tuliyala ya kuchemsha, chini ya ukuta wa darasa, na wenzetu wakitutazama. Mtoto wa jirani yetu, mdogo, alisimama akanyonya kidole mpaka nikamaliza. Yai lile halikuteremka vizuri. Kila mwanamke niliyempita njiani aliniambia, "Usituangushe, mwanangu," kwa upole, na upole ule ulikuwa mzito kuliko dumu la maji. Usiku niliota kijiti kinaniponyoka. Dada yangu yeye hakuota, au hakusema. Ila alianza kuamka kabla ya filimbi na kukaa mlangoni, amekumbatia magoti.

Kukawa na shida moja. Mashindano yalikuwa ya watoto wa vijiji vya wilaya zetu. Watoto waliokimbia vita walikuwa na shule zao na michezo yao. Mwalimu alijua. Kwenye orodha ya timu alimpa dada yangu jina la baba yangu, tukawa mabinti wa baba mmoja. Jioni alikuja nyumbani kumzoesha.

"Ukiulizwa baba yako nani, utasema nani?"

Dada aliangalia miguu yake.

"Sema baba wa dada yako. Ni rahisi."

Akachora mchangani kwa kidole cha mguu. Mwalimu akadhani amekubali, kwa sababu alikuwa mtoto wa kukubali kila kitu: kimbia, rudi, panda, shuka. Bibi ndiye aliyeinua uso kutoka kwenye ungo wa mbaazi.

"Mwalimu, baba wa mtoto huyu yuko hai. Kumkana mtu aliye hai ni kumchimbia kaburi."

"Bibi, ni maneno tu. Ya siku moja."

"Maneno ya siku moja ndiyo yanayooa na ndiyo yanayoacha," alisema bibi, akarudi kwenye mbaazi zake.

Tuliondoka na lori la kubebea korosho, tumekaa juu ya magunia matupu, tukiimba. Kuteremka kutoka Newala kwenda Masasi kulikuwa kama kwenda nchi nyingine. Joto lilitupokea njiani, kisha yakatokea majabali ya Masasi, makubwa, meusi, yamekaa kama ng'ombe waliolala. Sikuwahi kuona watu wengi namna ile mahali pamoja. Wapo waliotoka hadi Nanganga. Walikuwepo wauza karanga, wauza miwa, walimu wenye kofia, na kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kijani, kombe. Lilikuwa dogo kuliko nilivyofikiria. Lakini lilimeremeta.

Sitakusimulia mbio zote. Nitakusimulia zetu. Wa kwanza wetu alianza vizuri, wa pili akapitwa na wawili. Nilipopokea kijiti sikusikia chochote isipokuwa pumzi yangu mwenyewe. Nilimpita mmoja. Mbele nilimwona dada yangu, amenipa mgongo, mkono ameunyoosha nyuma, uso ameugeuza kunitazama, na midomo inacheza. Nilipokaribia nikasikia: umu, doishi, treshi. Nikamwekea mpingo kiganjani. Akaondoka.

Nimeishi miaka mingi, nimeona harusi na mazishi, nimezaa. Bado nikifumba macho namwona anavyokimbia pale. Hakuonekana kama anayekimbizwa wala anayekimbiza. Alimfikia msichana wa mbele kwenye kona, wakaenda bega kwa bega, kisha ikawa kama yule mwingine amesimama. Uwanja ulilipuka. Mwalimu wetu alirusha shuka lake hewani. Tulikumbatiana wote wanne, tukaanguka, tukala vumbi, na mmoja wa wale wa upande wa chini akalia kwa sauti kama mtoto mchanga.

Tulikuwa tunajipanga kwenda kupokea kombe tulipoona mwalimu wa shule moja anainama kwenye sikio la afisa aliyesimamia mashindano. Mwalimu yule alikuwa amesimama karibu na mahali pa kupokezana. Alimsikia dada akihesabu kwa Kireno. Tukaitwa mezani, wote, na mwalimu wetu.

Afisa hakuwa mtu mkali. Alivua miwani, akamwuliza dada yangu kwa sauti ya mzazi, "Mwanangu, umekimbia vizuri sana. Baba yako anaitwa nani?"

Mwalimu alimkazia macho. Mimi nilikuwa nimemshika dada mkono. Ulikuwa na jasho na chembe za mchanga. Nyuma yetu watu walikuwa wanasogea. Nilitamani aseme. Nitakuambia kweli, kwa moyo wangu wote nilitamani aseme jina la baba yangu tuchukue kitu chetu tuondoke. Dada alikohoa.

"Baba yangu yuko ng'ambo ya Ruvuma," alisema. "Yupo."

"Sasa huyu aliyetajwa hapa?"

"Huyo ni baba wa dada. Mimi wangu yupo."

Afisa alivaa miwani yake polepole. Nadhani alihuzunika. Alimwambia mwalimu wetu maneno machache ambayo sikuyashika, na kombe wakapewa waliotufuata, nao walilipokea bila kupiga vigelegele, wakitutazama kwa pembeni.

Njia nzima ya kurudi hakuna aliyeimba. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda tulipofika, na kabla hatujaona nyumba tukasikia ngoma. Kijiji chote kilikuwa barabarani. Wanawake walikuwa wamevaa khanga za sikukuu, wazee wa ngoma jasho linawatoka, watoto wanakimbia kando ya lori wakipiga kelele, "Liko wapi? Liko wapi?" Ngoma moja ikanyamaza, kisha nyingine. Mwenyekiti alipoelezwa, alimtazama dada yangu akiwa bado juu ya lori.

"Umekula mayai yetu," alisema, "ukaenda kutuaibisha."

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Aliangalia chini, hakusema neno. Tulishuka, tukatembea kwenda nyumbani katikati ya watu waliotupisha njia kana kwamba tuna ndui. Bibi alitupa maji ya moto tunawe miguu. Alitaka aambiwe yote, akaambiwa. Alimvuta dada yangu, akamshika kichwa, akampaka mafuta taratibu, kama anavyopakwa mtoto aliyezaliwa leo.

Asubuhi yake bibi alikusanya mayai. Aliwatoa kuku wetu waliokuwa wanaatamia, akaenda kuomba kwa dada zake wa kijiji cha pili, akabadilisha mbaazi kwa mayai, mpaka kikapu kikajaa. Akajitwika. Tukafuatana naye, nyumba kwa nyumba, kuanzia mwanzo wa mstari. Kila mlango alipiga hodi, akasalimia kwa adabu zote, akauliza hali ya wagonjwa, kisha akasema, "Nimeleta mayai yenu. Mtoto wetu asije akasemwa amekula bure."

Hakuna aliyeyachukua. Mama wa kwanza alificha mikono chini ya khanga. Wa pili aliangua kilio. Jirani yetu, mama wa yule mtoto mnyonya kidole, alisema, "Mama, unatuua." Bibi akasema, "Siui mtu mimi, narudisha mayai," akaenda mlango unaofuata. Kwa mwenyekiti alikaa kwenye gogo la uani, kikapu miguuni, akangoja mpaka alipotoka. Sijawahi kumwona mtu mrefu akiwa mfupi namna ile. Alisema, "Shikamoo, mama," akasimama. Bibi alimwitikia, akasubiri. Mwisho mwenyekiti alimgeukia dada yangu. "Mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mkutanoni, "nenda kale mayai hayo."

Alasiri alikuja mwalimu. Bibi alimwacha amesimama kwenye jua kitambo ndipo akaitikia shikamoo yake. Mwalimu alikaa mkekani, akaanza kupukuchua mbaazi bila kuombwa. Ndipo alipoeleza. Mama yake alikuwa anaumwa huko Singida, hana mwingine. Aliombea uhamisho mara nyingi. Akadokezwa kwamba mwalimu aletaye kombe, maombi yake hayakaliwi. "Nilikuwa nakimbia kwenda kwa mama yangu, bibi," alisema, "kwa miguu ya watoto hawa."

Bibi alipepeta, akapuliza maganda. "Ungeniambia, ningekupa pole," alisema. "Mtoto nisingekupa."

Kisha akaingia ndani, akamletea ugali wa muhogo na mboga ya kunde, naye akala. Kabla ya kuondoka alichutama mbele ya dada yangu, mwalimu mzima, akamwambia kwamba yeye ndiye aliyekosea, na kwamba jana kwenye lori alipaswa kusema, akaogopa. Dada alimsikiliza. Akamwuliza kama kesho kuna mazoezi.

Yalikuwepo, lakini si yale. Saa aliivua shingoni. Uhamisho wake ulikuja baadaye sana, na mama yake, tulisikia, alimkuta hai. Hilo bibi alilishukuru kwa sala.

Vita viliisha. Ng'ambo kukapatikana uhuru, redio ya mwenyekiti ikalia siku nzima, na watu wakaanza kurudi kwao, mizigo vichwani, wakiteremka ile njia yetu ya maji. Wengi wa waliokuwa wakingojewa hawakutokea. Dada yangu alikwisha kuwa binti mkubwa, anafunga khanga, hakimbii tena hadharani. Sikuthubutu kumwuliza kuhusu baba yake. Basi mchana mmoja alitokea mwanamume mkavu kama ukuni, anachechemea, kofia ya kijani imepauka. Aliulizia ofisi ya kijiji. Mwenyekiti ndiye aliyemleta kwetu, tena kwa mkono, na akasimama uani akamsimulia habari za Masasi kabla hata hajapewa maji, bila kujificha, pamoja na maneno aliyoyasema yeye mwenyewe siku ile penye lori.

Yule baba alisikiliza hadi mwisho. Hakumkumbatia mtoto wake mara moja, nadhani aliogopa. Alisema tu, "Inasemekana unakimbia. Hebu nione."

Dada alitutazama. Akaona haya, akacheka, akakaza khanga yake juu ya magoti. Akatoka barabarani, akakimbia mpaka kwenye mkorosho wa mwisho wa kijiji, akazunguka, akarudi. Hakukuwa na filimbi wala saa. Watu walitoka milangoni kumtazama. Baba yake alikuwa ameegemea nguzo ya nyumba yetu na mdomo wazi, machozi yanashuka bila yeye kuyafuta, na dada alipofika karibu alimfungulia mikono yote, wakagongana, wakayumba, nusura waanguke.

Waliondoka kabla ya mvua. Niliwasindikiza hadi ukingoni. Hakuna aliyekuwa na anwani ya kumpa mwenzake.

Bibi hayupo siku nyingi. Nyumba zile za kando ya barabara zimebaki chache. Watu walirudi kwenye mikorosho yao taratibu, bila mkutano. Njia ya chemchemi imemezwa na vichaka, na watoto wa leo wa Newala hawaijui, jambo ambalo nalifurahia kwa sababu ya shingo zao, na linanisikitisha kwa sababu ambayo siwezi kuieleza vizuri. Siku hizi Ruvuma inavukwa kwa daraja, mtu halowani hata kidole. Mwaka mmoja nilifika pale na mwanangu aliyekuwa na shughuli zake. Wakati yeye anazungumza na watu wake, mimi nilisimama kando ya barabara. Wanawake wa upande wa pili walikuwa wanapita na mizigo, wengine wa umri wangu, wazito, wanatembea polepole kwa ajili ya jua. Nyuso sikuzitazama. Nilijikuta natazama miguu.